Onyo Lilifika, Watu Hawakutoka

Aprili 2024 tuliambiwa Nairobi nzima kwamba mvua kubwa inakuja. Idara ya hali ya hewa ilitangaza, sisi tukacheka mitandaoni. Halafu Mto Mathare ukafurika usiku. Msimu huo karibu watu 300 walikufa nchini, na tangu hapo nimekuwa nikisoma stori ya mbali kidogo.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, kimbunga kiliingia pwani ya nchi ambayo sai tunaiita Bangladesh. Wakati huo ilikuwa Pakistan Mashariki. Bahari ilipanda juu ya visiwa na watu wasiopungua 300,000 wakafa. Nilidhani hawakuambiwa. Waliambiwa! Wengi walijua dhoruba inakuja, lakini wachache sana walikimbia. Ukimbilie wapi, na ng'ombe umwachie nani?

Mwaka 1972 Msalaba Mwekundu ulianzisha mpango wa watu wa kujitolea, serikali ikaingia mwaka uliofuata. Hawa si maprofesa, ni wanakijiji tu. Kila mmoja ana eneo lake, na kikundi chao kina bendera, king'ora cha kuzungusha kwa mkono na kipaza sauti. Kazi yao ni kufika mlangoni kwako. Vilima vya udongo navyo viliinuliwa ili hata mifugo ipate pa kupanda. (Hapo kwa mifugo ndipo niliwapenda.)

Haikuwa miujiza. Kimbunga cha 1991 kiliua karibu 140,000, wanawake wengi kuliko wanaume. Wengine walibaki na watoto, wengine waliogopa kujazana usiku na wanaume wasiowajua. Leo watu hao wa kujitolea ni zaidi ya 70,000, na nusu ni wanawake. Sidr ilipopiga 2007 walikufa kama 3,400. Bado ni wengi, lakini iweke kando ya ile 300,000.

Sisi tulijibu mafuriko kwa tingatinga: mita 30 kutoka mtoni, toka. Sawa, lakini mimi nauliza kitu kidogo. Kwa ploti yenu, mvua ikizidi saa nane usiku, ni nani amepewa kazi ya kumgongea shosho wa chumba cha chini? Keateka? Soja? Kwetu hakuna. Tuko na grupu ya WhatsApp ya kukumbushana pesa ya takataka, na saa hiyo kila msee amelala.