Bima ya afya ya SHA: Kwa nini Wakenya bado wanabishana?

Karani wa ofisi ya kaunti, mkulima wa mahindi Trans Nzoia na muuza samaki Homa Bay wako chini ya bima moja ya afya ya serikali tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Karani hukatwa mchango wake kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Mkulima na muuza samaki hawana mshahara wa kukatwa. Wao huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yao, mfumo wa kompyuta ukakadiria uwezo wao, kisha wakatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mabishano makubwa kuhusu Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana zaidi kama SHA. Makala haya yanaeleza mageuzi haya yalitoka wapi, kila upande unasema nini, na mambo ambayo msikilizaji wetu wa kijijini anafaa kuyajua kabla hajaugua.

Yalitoka wapi?

Swali la nani alipie matibabu ni la zamani. Hazina ya zamani ya bima ya hospitali, NHIF, iliundwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi iliwahudumia zaidi watu walioajiriwa. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma, na wengi wasio na pesa wakaanza kukaa nyumbani na maradhi yao.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. Mwaka 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma, na kina mama wakaanza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Mwishoni mwa 2018 matibabu ya bure yalifanyiwa majaribio katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Majaribio hayo hayakuenea nchi nzima jinsi ilivyotarajiwa.

Katiba ya 2010 nayo ilikuwa imebadilisha mambo mawili makubwa. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kupata huduma bora ya afya, na kwamba hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Pia hospitali nyingi za umma ziliwekwa chini ya kaunti, huku serikali ya kitaifa ikibaki na sera na hospitali kuu za rufaa.

Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya. Moja kati ya hizo, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ilivunja NHIF na kuunda SHA.

Hazina tatu, kazi tatu

Watu wengi husema "SHA" kana kwamba ni mfuko mmoja. Kwa kweli SHA inasimamia hazina tatu, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi. Hii inagharimiwa na serikali, na inalipia huduma za ngazi za chini: zahanati, ambayo ni ngazi ya 2, na kituo cha afya, ambacho ni ngazi ya 3. Hapa mwananchi anatakiwa kuwa amejisajili tu. Hahitaji kuwa amelipa mchango.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, yaani SHIF. Hii ndiyo inayotegemea michango yetu. Inalipia huduma za hospitali kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6, kama vile kulazwa, upasuaji na kujifungua katika hospitali kubwa. Asiyelipa mchango wake hawezi kuitegemea.

Ya tatu ni Hazina ya Dharura na Magonjwa Sugu. Inagharimiwa na serikali, na inakusudiwa kulipia matibabu ya dharura, pamoja na kumsaidia mgonjwa wa maradhi mazito ambaye kiwango chake cha SHIF kimekwisha. Kwa mfano, katika viwango vya mwanzo, familia yenye mgonjwa wa saratani iliwekewa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF, na shilingi 150,000 zaidi kutoka hazina hii ya tatu.

Nani analipa zaidi sasa?

Chini ya NHIF, mwajiriwa alikatwa kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi kulingana na mshahara. Mtu asiye na ajira rasmi alilipa shilingi 500 kila mwezi, sawa na 6,000 kwa mwaka, awe tajiri au maskini.

SHIF inatoza asilimia 2.75 ya mapato. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hakuna kiwango cha juu. Tazama mifano hii. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750. Sasa anakatwa 550. Mwenye 50,000 alikuwa akikatwa 1,200. Sasa ni 1,375. Mwenye 500,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa ni 13,750.

Wanaounga mkono mpango huu wanasema hiyo ndiyo haki: mwenye nacho amsaidie asiye nacho, na mzima amchangie mgonjwa. Wanaopinga wanasema mwajiriwa huyo huyo tayari anakatwa kodi ya mapato, makato ya nyumba na akiba ya uzeeni, na kwamba anaongezewa mzigo bila kuona hospitali zikiwa bora.

Kwa nini mkulima anaulizwa kuhusu paa lake?

Asilimia 2.75 ya mshahara ni hesabu rahisi. Lakini asilimia 2.75 ya mapato ya mkulima ni ngapi? Mwaka huu mvua imenyesha, mwaka ujao imekosa. Mwendesha bodaboda leo amepata 1,500, kesho pikipiki imeharibika. Hakuna karatasi inayoonyesha mapato yao.

Serikali ilichagua njia ya kukadiria. Anayejisajili huulizwa kuhusu watu wanaoishi nyumbani, ukuta na paa la nyumba, choo, maji, taa na mali aliyo nayo. Mfumo unatumia majibu hayo kukisia uwezo wake, kisha unatoa kiasi cha kulipa. Kiasi kidogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Malalamiko hapa ni matatu. La kwanza, makadirio hayalingani na hali halisi. Mjane anayeishi katika nyumba ya mawe iliyojengwa na mtoto wake anaweza kuonekana ana uwezo, ilhali hana hata shilingi ya sabuni. La pili, mtu haelezwi ni jibu gani lililompandishia kiasi, kwa hiyo hajui akate rufaa juu ya nini. La tatu, na ndilo zito zaidi vijijini, ni kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu aliyezoea kutafuta 500 ya NHIF kila mwezi huona 3,600 au zaidi kwa wakati mmoja kuwa mlima, hasa Januari wakati wa karo.

Kutokana na malalamiko hayo, mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hupewa mkopo wa kulipia mchango wake na kuurejesha kidogo kidogo. Pia ilitangaza kwamba italipia mchango wa watu milioni 2.2 wasio na uwezo kabisa. Wakosoaji wanauliza kama ni sawa maskini akopeshwe ili aweze kutibiwa, na orodha ya wanaolipiwa inatayarishwa vipi ili jina la mhitaji wa kweli lisiachwe nje.

Mahakama zilisema nini?

Mabishano yalifika kortini mapema. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha sheria tatu kati ya hizo. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa iliziruhusu ziendelee, lakini ikaacha vikiwa vimesimamishwa vifungu vilivyomtaka mtu aonyeshe kwamba amejisajili na analipa mchango ndipo apewe huduma za serikali.

Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba sheria hizo zilikiuka Katiba, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliipa serikali siku 120 kurekebisha kasoro. Kabla siku hizo hazijaisha, Mahakama ya Rufaa ilisitisha uamuzi huo wakati rufaa ikisubiri kusikizwa, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza kazi.

Jambo la kukumbuka katika kesi hiyo ni malalamiko kuhusu jinsi wazo la kila Mkenya kuwa na bima lilivyoletwa. Walalamishi walitaja sheria zilizopita haraka, na wananchi waliosikia habari zikiwa tayari zimetiwa saini.

Hospitali nazo zinalalamika nini?

Kadi ya bima ni ahadi tu. Ahadi hiyo inatimia pale hospitali inapoipokea, na hospitali huipokea inapolipwa. NHIF ilivunjwa ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali za umma, za kibinafsi na za misheni. Machi 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 kushuka chini zitalipwa zote, na madeni makubwa zaidi yakaguliwe kwanza.

Mwaka huo huo muungano wa hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, RUPHA, ulitangaza kusitisha huduma za SHA kwa sababu ya malipo kuchelewa. Wagonjwa waliokuwa wamelipa mchango wao wakatakiwa kutoa pesa taslimu.

Serikali kwa upande wake inasema baadhi ya hospitali huiba. Mwaka 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa kwa madai ya kudai malipo ya wagonjwa hewa au ya huduma ambazo hazikutolewa. Mfumo mpya wa kompyuta uliletwa kwa hoja kwamba utaziba mianya hiyo. Lakini mfumo wenyewe ukazua maswali pia. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, iliyotolewa 2025, ilisema kwamba serikali haimiliki mfumo huo uliogharimu shilingi bilioni 104.8.

Kujisajili si kulipa

Kufikia mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejisajili. Serikali huitaja idadi hiyo kama ushahidi wa mafanikio. Lakini kati ya watu wasio na ajira rasmi, ni sehemu ndogo tu waliolipa mchango. Hazina ya SHIF kwa hiyo inabebwa zaidi na wenye mishahara, ambao ni wachache nchini.

Hapa ndipo pande zote mbili zinaposhikwa na swali moja gumu. Wakulima, wachuuzi na wafugaji wasipolipa, hazina haitatosha kulipa hospitali. Hospitali zisipolipwa, zitawafukuza wagonjwa. Na mkulima akimwona jirani aliyelipa akifukuzwa, naye hataona sababu ya kulipa. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Wewe ufanye nini?

Bila kujali uko upande gani wa mabishano haya, mambo yafuatayo yatakusaidia.

Piga *147# kwenye simu yako, hata ikiwa ni ya kawaida isiyo na intaneti, ujisajili au uangalie hali yako. Usiridhike na kuona jina lako tu. Angalia kama mchango wako umelipwa na utaisha lini.

Hakikisha mke au mume wako na watoto unaowalea wameandikwa. Usisubiri siku ya kujifungua au ya ajali.

Jibu maswali ya uwezo wako kwa ukweli. Ukiona kiasi ulichopewa kimekushinda, rudi kwa aliyekusajili au ofisi ya SHA iliyo karibu uulize kuhusu kukadiriwa upya.

Kwa homa, kikohozi, au kliniki ya mtoto, anzia zahanati au kituo cha afya. Huko ukiwa umejisajili hutakiwi kulipa. Ukiambiwa ulipe kwa huduma iliyo chini ya hazina ya msingi, uliza kwa nini, na upeleke malalamiko kwa ofisi ya afya ya kaunti yako.

Na pale mkutano wa hadhara unapoitishwa kuhusu sheria au bajeti ya afya, nenda. Majaji waliisimamisha serikali kwa sababu ya ushirikishwaji wa wananchi. Viti vya mkutano huo vikibaki vitupu, wengine wataamua kwa niaba yako ni shilingi ngapi zitoke mfukoni mwako, na ni nini utakachopata siku utakapougua.