Talaka na Hesabu ya Duka

Watu wengi siku hizi hudhani kwamba mwanamke wa pwani, ndoa yake ilipokatika, alitoka na sanduku la nguo na machozi, na kwamba haki yake katika mali ilianza kujulikana siku ambayo mabunge yetu yalipotunga sheria. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli, nayo ni nusu ya mwanamke ambaye hakuwa na rasilmali ila mikono yake. Aliyekuwa na minazi, au nyumba, au fedha za urithi, alikuwa na hali nyingine kabisa. Katika mji wa mawe wa Lamu, miongoni mwa waungwana, ilikuwa ada baba kumpa binti yake nyumba au sehemu ya nyumba wakati wa kuolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Hivyo talaka ilipotamkwa na eda ikesha, aliyefunga virago alikuwa mwanamume.

Sababu ya haya ni kwamba sheria iliyohukumu pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, haikupata kuchanganya mali ya watu wawili kwa kuwa wameoana. Mahari yalikuwa ya mke, urithi wake ulikuwa wake, na alichonunua kwa fedha yake kilikuwa chake, mume asiwe na mamlaka juu yake hata ya kukikodisha. Uingereza, ambayo baadaye ilikuja kututawala na kutufundisha maana ya haki, ilisubiri mpaka 1882 ndipo mke akapewa kwa sheria kamili uwezo wa kumiliki mali mbali na mumewe. Kwa hiyo kadhi aliyeletewa mume na mke waliokuwa na duka moja hakuuliza ndoa yao ilidumu miaka mingapi, wala nani aliyemkosea mwenziwe. Aliuliza jinsi duka lilivyoanza, na fedha ya nani iliingia.

Jibu la swali hilo lilikuwa na njia zake katika fikihi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyofuatwa na Waswahili walio wengi, ingawa masultani wa Unguja wenyewe walikuwa Waibadhi. Ikiwa wote wawili walitoa fedha, zikachanganywa hata zisiweze kutambulikana, hiyo ilikuwa shirika halali, na kila mmoja alikuwa na hiari ya kuivunja siku aitakayo, awe ameacha au ameachwa, au bado yumo katika ndoa. Tuseme mke alitoa shilingi 600 na mume 400: faida iligawanywa sita kwa nne, na hasara vivyo hivyo, hata kama mume ndiye aliyeketi dukani tangu alfajiri hadi isha, na wakisharti vinginevyo, sharti hilo lilibatilisha mapatano yote. Ikiwa mke alitoa fedha peke yake na mume akasafiri nazo au kuchuuza, hiyo ilikuwa mudharaba. Siku ya kuachana, bidhaa ziliuzwa zikawa fedha taslimu, mke akarudishiwa rasilmali yake kwanza, kisha kilichobaki, kama kilibaki, kikagawanywa kwa kadiri waliyoafikiana. Katika mambo haya sheria ilikuwa na usafi wa daftari la mfanyabiashara mwaminifu, na sioni kwamba sheria zetu za leo zimeipita kwa uwazi.

Hata vyombo vya nyumbani vilikuwa na kanuni yake, nayo huwashangaza wanaoisikia mara ya kwanza. Mume na mke walipogombania vilivyomo katika nyumba waliyokaa pamoja, mizani na magunia ya chumba cha mbele pamoja na majamvi na masufuria ya uani, na hakuna mwenye ushahidi, Imamu Shafii hakusema kwamba cha kiume apewe mwanamume na cha kike apewe mwanamke, kama walivyosema wanazuoni wa madhehebu mengine. Alisema kila mmoja aape, kisha vigawanywe nusu kwa nusu. Kwani mwanamume huweza kurithi mikufu, na mwanamke huweza kumiliki upanga.

Lakini fikihi hiyo hiyo ilikuwa na mlango uliofungwa. Shirika la miili, yaani watu wawili wasio na rasilmali kuungana kwa kazi za mikono yao na kugawana pato, Wahanafi waliliruhusu, Washafii wakaliona batili. Tena katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika pwani yetu, imo mas-ala ya mtu aliyempa fundi nguo aishone, fundi akaishona bila ya ujira kutajwa: kauli iliyotiliwa nguvu ni kwamba fundi hana kitu, ijapokuwa imetajwa pia kauli ya kumpa fundi ambaye anajulikana kwa kazi hiyo. Mke aliyepika vitumbua vya kuuzwa na mumewe kwa miaka, au aliyekaa dukani mume akiwa safarini, alikuwa katika hali ya fundi yule, kwa maana nani hutaja ujira kwa mumewe?

Huko Pemba, kisiwa cha mikarafuu, jambo hili lilionekana wazi. Mti na ardhi viliweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na mke aliyekuwa na mikarafuu yake aliondoka nayo bila ya mzozo mkubwa. Msimu ulipofika, mchumaji wa kukodiwa alilipwa kwa kila pishi aliyoileta, jioni hiyo hiyo, hata kama ni mgeni aliyeshuka jana kutoka bara. Mke wa mwenye shamba, aliyeketi usiku na watoto kutenga karafuu na makonyo yake, na kesho yake akazianika juani na kuzikimbiza ndani wingu lilipotanda, hakupimiwa pishi. Akiachwa katikati ya msimu, karafuu zilizokauka kwa mikono yake zilipelekwa mizanini kwa jina la mume.

Mlango huo ulifunguliwa Tanzania Bara na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haikuifikia Zanzibar. Kifungu chake cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi, pamoja na madeni waliyoyaingia kwa manufaa yao wote. Majaji walitofautiana miaka kadhaa kama kazi za nyumbani ni kazi kwa maana hiyo. Kenya ilikawia zaidi: ilitumia ile sheria ya Kiingereza ya 1882 mpaka ilipotunga yake 2013, ambayo imetaja usimamizi wa biashara ya familia kuwa ni mchango, na ikawaachia Waislamu ruhusa ya kufuata sheria yao.

Hitilafu ya majaji wa Tanzania ilikatwa 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipoamua shauri la mke aliyeachwa Dar es Salaam, ambaye mahakama za chini zilimnyima fungu kwa kuwa alikuwa mke tu. Mahakama ilikubali kwamba ulezi na utunzaji wa nyumba ni mchango katika uchumaji wa mali, na kauli hiyo imetegemewa katika mashauri ya talaka tangu hapo. Ila mume alikuwa amempa mke huyo fedha za kuendesha mradi wa familia, naye, kwa ushahidi uliokubaliwa, alizitapanya. Mahakama ikaona kosa hilo limeufuta mchango wake wote. Kanuni ninaiona sahihi, na hesabu ninaiona kali mno, kwa maana mfanyabiashara anayefilisi mtaji wa shirika hutozwa mtaji huo, hafutiwi na miaka aliyopika na kulea. Rufani yake ilitupwa, naye hakupata fungu katika mali hiyo.