Kelele, kinga ya mwili na ile chupa ya mitishamba

Leo siandiki siasa wala mpira. Kuna unga na chupa za mitishamba zinauzwa mitaani, muuzaji anakwambia zinaongeza kinga na kuondoa stresi, na akiona unasitasita anaongeza "wanasayansi wamethibitisha". Nikaona nichimbe. Kumbe utafiti upo kweli, tena mwingine unahusu kelele, kitu ambacho sisi wa mjini tunacho cha kumwaga.

Kwanza tuelewe kelele inafikaje kwenye kinga. Mwaka 1936 jamaa mmoja anaitwa Hans Selye, alikuwa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature. Aliwatesa panya kwa njia tofauti kabisa: baridi kali, majeraha ya upasuaji, mazoezi ya kupitiliza, sumu. Akiwapasua anakuta mambo yale yale. Tumbo lina vidonda, tezi za adrenali (zinakaa juu ya figo) zimevimba, halafu thaimasi, bandama na tezi za limfu zimenywea.

Thaimasi wengi hatuijui, biolojia ya sekondari inaipita mbio. Ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, karibu na moyo. Kazi yake haikujulikana mpaka 1961, pale Jacques Miller huko London alipoitoa kwa panya wachanga na kinga yao ikaporomoka. Ukitaka mfano, thaimasi ni jando la seli T. Zinaingia changa, zinafundwa kumtambua adui na kutoshambulia mwili wenyewe, na zinazofeli (ndiyo nyingi) zinafia humo humo. Zile CD4 wanazopima kliniki ni aina mojawapo ya seli hizo. Thaimasi inakuwa na nguvu utotoni, baada ya balehe inaanza kupungua yenyewe taratibu. Bandama, wengine wanaita wengu, iko kushoto chini ya mbavu, inachuja damu na kukusanya askari. Ndiyo ile inayovimba mtu akiugua malaria mara kwa mara.

Sasa kelele. Sikio halifungi hata ukiwa usingizini. Sauti kubwa ikiingia, ubongo unaisoma kama hatari, unaiamsha tezi ya pituitari, nayo inaziamsha adrenali, homoni ya kotisoli inamwagwa kwenye damu. Kwa dakika chache inasaidia, unapata nguvu ya kukimbia. Ikikaa juu siku hadi siku, seli T changa zinakufa kwa wingi ndani ya thaimasi. Wala si nadharia tu: predinisoloni ni dawa ya ukoo huo huo wa kotisoli, na madaktari wanaitumia makusudi pale wanapotaka kutuliza kinga iliyozidi.

Haya, tufike kwenye majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Madras, mjini Chennai, India, walishughulika na jambo hili miaka mingi. Kwenye tafiti zilizotoka 1997 na 2000 walitumia tulsi, mrehani mtakatifu wa Wahindu, ndugu wa kivumbasi chetu cha kufukuzia mbu. Mwaka 2006 wakatoa nyingine ya triphala, mchanganyiko wa matunda matatu makavu: amla, na mengine mawili ya miti iliyo ukoo mmoja na mkungu. Panya walipigiwa kelele za desibeli 100, saa 4 kila siku, siku 15. Homoni ya stresi ikapanda, uharibifu ukaonekana kwenye thaimasi na bandama, kinga ikashuka. Waliokuwa wamelishwa triphala kwa siku 48 hawakuathirika kiasi hicho.

Hapo muuzaji anashangilia. Ngoja kwanza. Panya wale walipewa gramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Ukizidisha kienyeji, mtu wa kilo 60 anatakiwa kula gramu 60 kila siku! Wataalamu hawazidishi hivyo, mwili wa panya unaunguza vitu haraka kuliko wetu, ila hata ukipiga hesabu yao inakuja kama gramu 10. Kwenye chupa ya mtaani zimo ngapi? Hata jina la mmea mara nyingi halijaandikwa. Halafu panya hakuchagua ule mziki wala hawezi kuuzima. Mimi kwa maoni yangu utafiti ule ni wa kuheshimu, unaonyesha njia, lakini haujasema chochote kuhusu binadamu anayeishi jirani na baa.

Kwa binadamu, ushahidi ulio imara unapita kwenye usingizi. Mwaka 2009 Sheldon Cohen na wenzake Marekani waliwawekea watu 153 wenye afya virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walipata mafua karibu mara tatu ya waliolala saa 8 na zaidi. Sasa pigia picha kigodoro mpaka alfajiri. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 ziliweka desibeli 35 tu usiku kwenye makazi, yaani kama mnong'ono. Tanzania nayo ilitoa kanuni zake za kelele na mitetemo mwaka 2015. Serikali ya mtaa ikikwambia eti hakuna sheria, watajie hiyo. Na wewe mwenye hedifoni hapo kwenye kompyuta: kwa desibeli 100, wataalamu wa usalama kazini Marekani wanaruhusu dakika 15 kwa siku, basi.

Kinachonitia hofu zaidi ni mgonjwa anayetumia ARV au dawa za TB halafu anaambiwa aongezee "ya kienyeji, haina madhara". Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti Marekani ambapo vidonge vya kitunguu saumu, kitunguu saumu tu jamani, vilishusha kiwango cha saquinavir kwenye damu kwa karibu nusu. Saquinavir ni dawa ya VVU. Dawa ikipungua hivyo, kirusi kinapata mwanya wa kujifunza kuikwepa. Na tunakumbuka foleni za Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kikombe shilingi 500, wapo walioacha ARV kabisa baada ya kunywa. Kama unatumia dawa hizo na una chupa ya majani nyumbani, ibebe siku ya kliniki umwonyeshe daktari, asikie jina na aone rangi yake.

Kama mtaani kwenu wanauza ya "stresi na kinga", niandikieni kwenye maoni hapo chini lebo inasema nini: jina la mmea, kipimo, na aliyetengeneza. Nitazipanga zote tuone ni ngapi zinataja hata kimoja kati ya hivyo vitatu.