Bima ya Wazee Mpakani Tunduma
Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, uliwalenga kwanza watumishi wa umma, waliokatwa asilimia 3 ya mshahara huku mwajiri akichangia kiasi hichohicho. Mwalimu wa Vwawa alistaafu na kadi yake, ilhali kuli wa Tunduma, aliyezeekea kwenye mizigo ya malori ya Zambia, hakuwa na mwajiri wa kumchangia. Sera ya Wazee ya 2003 iliahidi msamaha wa matibabu, ambao kwa kweli si bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa 2018, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ulikomea hospitali ya mkoa, kasoro kubwa kwa mwenye kiharusi anayehitaji utengamao, yaani tiba ya kumrudishia uwezo wa kutembea au kushika kijiko, ambayo huchukua miezi, na ambayo ikimlazimu kwenda hospitali ya kanda Mbeya humwangukia mwanawe mfukoni.