Mshale wa Joto katika Gari la Marehemu Kaka

Mwaka 1953 una sadfa ambayo watoto wa ukoo wetu waliozaliwa hapa Sydney hawaijui. Katika mwaka huo yalianza mashindano mawili makubwa ya magari katika nchi zetu mbili. Afrika Mashariki yalianza ya Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapa Sydney yalianza ya Redex, ya kuizunguka Australia, na Peugeot 203 ya Ken Tubman na John Marshall ikatoka na ushindi. Miaka 10 baadaye Peugeot 404 ilishinda Safari, ikarudia mwaka 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963, na tena ya 1968, mvua na matope viliacha magari 7 tu yakifika mwisho.

Kwa hiyo marehemu kaka yangu alipolikuta 404 kuukuu likiuzwa hapa Sydney, hakuliona kuwa kitu kigeni. Baba alikuwa na la namna hiyo Mombasa. Kaka alipofariki, gari lilibaki kwa mwanawe, nalo likaanza maradhi ya kuja na kuondoka. Mshale wa joto huruka ghafla hadi kwenye wekundu, injini hukohoa, kisha mambo hutulia kana kwamba hapakuwa na neno. Fundi mmoja alisema gasketi imekwisha na injini haifai tena. Ndugu wakaanza kulizungumza gari kwa bei ya chuma chakavu.

Ili ugonjwa huu ufahamike, yafaa tuijue asili ya mshale wenyewe. Kipimo cha kwanza kilichoenea kilikuwa kipimajoto kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, nje ya gari, mbele ya macho ya dereva. Harrison Boyce alipata hataza yake Marekani mwaka 1912, na kikaitwa MotoMeter. Baadaye likaja bomba jembamba lenye etha, kutoka kwenye injini hadi dashibodi. Etha ilipopata moto, mvuke wake uliusukuma mshale. Vyombo hivyo viwili havikuhitaji umeme kabisa. Kisha ikaja geji ya umeme, kama iliyomo katika gari la kaka. Sensa hufungwa penye maji ya injini. Joto likizidi, ukinzani wake hupungua, mkondo huongezeka na mshale hupanda. Mkondo huo hauna budi kurudi kwenye betri, nao hupitia chuma cha injini na waya mnene wa athi unaoiunganisha injini na bodi.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kuwa habari hupimwa kwa sanadi yake, nani kapokea kwa nani. Mshale ni msimulizi wa mwisho tu. Nyuma yake wako geji, waya, sensa na athi, na akiharibika mmoja, habari nzima ina ila. Tena plagi za injini nazo hurudisha umeme wake kupitia athi hiyo hiyo. Mshale na injini vikiugua kwa dakika moja, mtafute mpokezi waliyeshirikiana.

Nilimwambia mwana wa kaka aweke daftari, kwa kuwa kazi ya ukarani ndiyo niijuayo. Aandike saa, mwendo, mvua au jua, taa zimewashwa au zimezimwa. Baada ya wiki tatu daftari likasema lenyewe: kila tukio lilikuwa la jioni au la mvua, taa au waipa zikifanya kazi. Maji hayachemki kwa sababu umewasha taa. Nikakumbuka jambo la mafundi wa Mombasa, ambao walipoliwasha gari walikuwa wakiugusa waya wa choki. Nikaugusa, nikaukuta una moto. Umeme wa stata, ulipokosa njia yake ya halali, ulikuwa ukirejea kupitia kijiwaya kile kisichoumbiwa kazi hiyo. Tukaufungua waya wa athi chini ya betri. Shaba yake ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi zake nyingi zimekatika. Waya mpya, msasa mahali unapofungwa, na mshale ukatulia. Gasketi ilikuwa nzima.

Hapo nilifanya kosa, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Nilimwambia kijana, kwa kiburi cha mtu aliyeshinda kesi, kwamba mshale ule ni mwongo na asiushughulikie. Jumapili moja tukapanda kuelekea Katoomba, tukiwa nyuma ya lori, mwendo wa pole. Tulipokwisha kupita Lapstone mshale ukaanza kupanda, safari hii kidogo kidogo, bila kuruka. Nikasema, "Uache." Kijana akasema, "Ami, huu haukuruka," akalitoa gari pembeni bila ya kungoja ruhusa yangu. Alipozima injini tukasikia maji yakitokota.

Hatukuugusa mfuniko wa rejeta, maana maji ya moto yaliyofungiwa humtoa mtu ngozi. Lilipopoa tukaona sababu. Feni ya 404 hushikwa kwa sumaku ya umeme maji yakipata moto, na mkondo hufika kwenye sumaku hiyo kwa kipande cha kaboni. Kaboni yetu ilikuwa imelika, na feni ikizunguka kivivu tu. Barabarani penye kasi upepo ulitosha. Kwenye mlima haukutosha. Tukaongeza maji, tukashuka tukiwa tumefungulia kipasha joto cha ndani kwa nguvu zote ili kipunguze moto wa injini, nasi tukitokwa jasho kama tuko gati la Mombasa mwezi wa Machi.

Upo na uongo wa tatu, ulio mbaya kuliko yote. Maji yakivuja hata sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka ilhali injini inaungua. Mwenye gari kuukuu akiona mshale umelala baada ya kupanda, asimame, asishukuru mapema.

Daftari bado linaendelea. Chini ya tarehe ya siku ile ya mlima kuna mstari mmoja kwa mwandiko wa kijana: "Taa zimezimwa. Umepanda polepole. Ami alisema niuache."