Msitu unaleta maji au unayanywa? Jibu la Mbeya, swali la Ngara

Simama chini ya mwembe mvua inapoanza Bugarama. Dakika za kwanza hulowi. Ikikolea, matone mazito yanaanza kukudondokea kichwani, na hata ikishakatika, chini ya mti bado inanyesha. Muda wote huo majani yalikuwa yameshika maji. Mengine hudondoka, mengine huteremka na shina, na yanayobaki hukauka yakarudi hewani bila kugusa udongo. Manyunyu mafupi yanaweza kuishia juu huko huko.

Hapo ndipo kuna kesi. Wengi tumekua tukiambiwa ukikata msitu, mto unakauka. Mwaka 1958, watafiti wa EAAFRO, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lililokuwa Muguga, Kenya, waliamua kupima badala ya kubishana. Walichukua mabonde mawili madogo kwenye milima ya Mbeya: moja la msitu wa asili, jingine la mashamba ya wakulima kwenye miteremko mikali. Wakapima mvua inayoingia na maji yanayotoka, kwa miaka 10 hivi.

Unadhani kijito kipi kilikuwa na maji mengi kiangazi? Cha mashambani, tena karibu mara mbili! Kumbe msitu nao unakunywa: majani yananasa, na mizizi mirefu inaendelea kuvuta maji wakati shambani kumeshavunwa.

Lakini usikimbilie panga. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unafyonza kama sponji, kwa hiyo mvua ilizama hata shambani. Udongo ulioshindiliwa haufanyi hivyo. Mvua inakimbia juu kwa juu, na kiangazi hakuna akiba.

Sasa turudi Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo kwa wingi uliokadiriwa kuwa 250,000 ndani ya siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Watu wanapika, wanajenga. Miti ikaisha kuzunguka kambi. Kwa mwanahaidrolojia, hapo swali si mti unakunywa kiasi gani tu. Ni kama ardhi iliyovuliwa majani na kukanyagwa na watu wote hao bado inaweza kumeza mvua.

Kwa hiyo mtu akija kijijini kwenu na miche ya mikaratusi, eti ipandwe kwenye chemchemi ili maji yarudi, muulize kwanza habari za udongo.