Sibwesa na Anwani Zinazokufa

Kata ya Sibwesa haijahama, ila majina yaliyo juu yake yamebadilika. Ilikuwa Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, na upande wa wilaya jina la Mpanda likaachia la Tanganyika. Mwezi Machi 2017 zikazinduliwa tovuti za mikoa na halmashauri nchini, zenye muundo unaofanana, ili ofisa habari aweze kuchapisha bila kujua kuandika programu. Kwa maoni yangu, tatizo zito la tovuti hizi limetokana na historia hiyo ya majina. Halmashauri ikibadili jina, anwani nayo hubadilika, na kila kiungo cha zamani hufa. Tiba yake ni kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya, kwa msimbo 301, badala ya kuizima.

Wapo watakaosema kasoro ni uhaba wa mafunzo. Wana hoja. Jedwali lililonakiliwa kutoka Word huvurugika kwa alama zilizofichika, na dawa ni kulibandika kama maandishi matupu, kisha kulipanga upya. Marekebisho yaliyohifadhiwa yasipoonekana, mara nyingi kashe haijafutwa. Lakini kasoro hizi mhariri huziona papo hapo na kuzimaliza siku hiyohiyo. Kiungo kilichokufa hakioni, maana yeye huingia kwa mlango wa mfumo; anayekwama ni mkazi wa Sibwesa mwenye anwani ya zamani, anayetafuta tangazo la halmashauri yake.